Chaki ya Mwalimu Kipenga

Mganga hajigangi. Methali hii haisemi kwamba mganga hajui dawa. Dawa anaijua, mti wake anaujua, na upande wa gome la kubandua anaujua pia. Lakini maradhi yakiingia katika mwili wake mwenyewe, ulimi huanza kutunga visingizio, na ile dawa chungu aliyowanywesha wenzake bila huruma humshinda kuimeza. Hapo anahitaji mtu mwingine wa kumshika pua na kummiminia. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Mwalimu Kipenga.

Mwalimu Kipenga alifundisha hesabu na kuwanoa wachezaji wa soka katika shule moja ya sekondari ya wasichana. Kipenga chake cha shaba hakikumtoka shingoni hata akiwa msibani, na watu walisema alifunga nacho ndoa kabla ya kumwoa mkewe. Alikuwa mwembamba kama mlingoti, mwenye sauti ya kuvuka uwanja na kurudi. Wasichana walimpenda kwa sababu alikuwa akienda kwa miguu hadi kwa wazazi waliokataza binti zao kucheza, akaketi, akanywa kila alichopewa, na asiondoke mpaka apewe ruhusa. Mchezaji aliyekatikiwa na kamba ya kiatu alipewa ya kiatu cha mwalimu, naye akarudi nyumbani akiburuta mguu. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wametapakaa mji mzima. Hata yule askari wa kike wa barabarani, mkali kama pilipili, akimwona kwa mbali alinyoosha mgongo na kuvuta tumbo ndani.

Uwanjani alikuwa na misemo yake. Wa kwanza: "Maumivu ni mgeni. Mpe kiti aketi, kisha endelea na kazi zako." Wa pili: "Uwanja haudanganyiki." Huu wa pili aliulinda kwa ujanja. Uwanja wa shule ulikuwa na kona moja iliyojificha nyuma ya ghala la madawati. Wavivu walipotumwa kuuzunguka walijibanza hapo, wakapumzika, kisha wakajiunga na wenzao wanaporudi mara ya mwisho huku wakihema kwa uongo. Mwalimu Kipenga akaanza kuupaka chaki mlingoti wa goli la mbali. Kila mkimbiaji aliupiga kofi alipopita, na mwishoni vilikaguliwa viganja. Kiganja kisicho na chaki hakikukimbia.

Katika miaka yake yote ni msichana mmoja tu aliyethubutu kushindana na chaki ile. Wenzake walimwita Konokono. Tumbo lilimuuma kila Jumatano, siku ya mazoezi, na likapona kengele ya kwenda nyumbani ilipolia. Alinaswa siku ya mkaa, ambayo tutaifikia.

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwa Mwalimu Kipenga, kwani alikuwa anastaafu. Na kama bahati ingekuwa mtu, ungesema ilikuwa imemwonea haya: timu yake iliingia fainali. Miaka yote kombe lilikuwa likimpita kama basi lililojaa, yeye amesimama kituoni na mkono juu. Sasa basi lilikuwa linapunguza mwendo. Wiki ileile akaamua kuwafundisha wasichana jinsi ya kuanguka bila kuumia.

"Tazameni," akasema. "Mwili unalegezwa, bega linatangulia, goti linafuata. Hakuna wa kuumia hapa."

Akaanguka. Goti likatangulia. Alibebwa kutoka uwanjani juu ya mlango wa ghala la madawati, ambao wasichana waliung'oa kwa haraka na mpaka leo haufungi vizuri.

Hospitali ilimpasua na kumshona. Daktari akamwambia, "Goti lako ni zima, mwalimu. Lakini goti ni kama bawaba, lisipofanya kazi linashika kutu. Likunje kila siku, upande ngazi. Ukilibembeleza litakakamaa, na tutalazimika kukurudisha kitandani tulikunje sisi."

Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole asiyeondoka bila mwavuli wake, alikuja kumjulia hali, akiwa na neno lake. Uwanja wa fainali ulikuwa bondeni, na njia pekee ya kuufikia ilikuwa ngazi ndefu ya zege.

"Ukishuka kwa miguu yako, benchi ni lako," alisema. "Lakini sitaki ubebwe mbele ya wazazi kama gunia la viazi. Ukishindwa kushuka, utakaa juu pamoja nami, chini ya mwavuli, unieleze mchezo."

Mwalimu mkuu hakuwahi kuelewa soka. Mwaka uliotangulia alikuwa ameuliza kwa nini wasigawiwe mpira mmoja kwa kila wawili ili wasigombane.

Basi mgonjwa akarudishwa nyumbani. Yeye na mkewe walikaa kwenye jengo la ghorofa, katikati, si chini wala juu. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Sebuleni kulikuwa na mashine yake, mabunda ya vitambaa na kikopo cha chaki za kuchorea nguo. Kila asubuhi alishona huku akimsikiliza mumewe anavyohesabu chumbani.

"Umefika ngapi, baba watoto?"

"Ishirini na saba! Ishirini na nane! Ishirini na tisa!"

Siku ya tatu mashine ikanyamaza ghafla. Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Kipenga alikuwa amelala chali, mguu juu ya mto umenyooka kama rula, kikombe cha chai kifuani, gazeti mkononi.

"Thelathini," alimalizia kwa sauti ndogo.

"Nilijua," mkewe alisema. "Mtu anayekunja goti bovu akifika ishirini hukosa pumzi. Wewe unahesabu kama dalali anayenadi mbuzi."

"Nilikuwa mapumzikoni."

"Mapumziko gani, na mpira haujaanza?"

Mama huyo hakuwa mtu wa kelele. Alijitanda mtandio wake, akaenda hospitali, akawaambia, "Nipeni mtaalamu wa viungo wa kuja nyumbani, asiyemwonea haya mume wangu." Kumpata ilikuwa kazi, maana nusu ya wauguzi walikuwa wamepitia mikononi mwa mumewe. Hatimaye akapatikana mmoja aliyejitolea mwenyewe, tena kwa furaha iliyotia shaka.

Alifika akiwa na koti jeupe na mkoba mweusi. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu u..." Mwalimu Kipenga akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Konokono!"

"Ndiye mimi."

"Wewe ndiye unayefundisha watu mazoezi? Kwani hospitali imeishiwa watu?"

"Haikuishiwa, mwalimu. Ilitaka mtu anayeujua uvivu kwa undani."

"Ulikuwa ukiumwa tumbo kila Jumatano."

"Na leo ni Jumatano, tumbo ni zima. Kunja goti."

Mwalimu Kipenga alikunja, uso umesinyaa kama nguo isiyopigwa pasi. Konokono akatoa kipimo cha pembe, akakilaza juu ya paja na muundi. "Mwalimu wa hesabu, hii tunaiita pembe gani?"

"Pembe butu," alinong'ona.

"Na ngazi za uwanjani zinataka pembe gani?"

"Pembe mraba."

"Pembe butu hukaa chini ya mwavuli na mwalimu mkuu. Kuanzia kesho, asubuhi na jioni, utapanda ngazi kutoka mlangoni kwako hadi darini kunakoanikwa nguo. Ukifika, shika kitasa cha mlango wa juu, kisha urudi. Na nimekipaka chaki kile kitasa, mwalimu. Nitakuwa napita kutazama kiganja."

Alipoondoka, Mwalimu Kipenga alicheka peke yake hadi goti likamuuma. Kuku anamfundisha bata kuogelea! Chaki yake mwenyewe!

Hata hivyo, kesho yake alikusudia kupanda kwa moyo safi, na ni haki lisemwe hilo. Mkewe alikuwa amekwenda kupeleka magauni. Alishika chuma cha ngazi akapanda vidato vichache vya kwanza, akinung'unika msemo wake wa mgeni na kiti. Mara goti likalegea kama uzi uliokatika katikati ya pindo. Akaning'inia kwenye chuma kwa mikono miwili, na chini yake ngazi zikajikunja na kushuka kama kisima. Mgeni aliyempa kiti alikuwa amelala kitandani kabisa.

Hakuna aliyemwona. Alishuka kidato kimoja kimoja kwa makalio, kama mtoto wa kutambaa, mpaka kibarazani, mbele ya mlango wake. Angaliweza kumwambia mkewe, "Naogopa." Lakini neno hilo alikuwa amelipiga marufuku uwanjani miaka na miaka, na sasa alipolitafuta mdomoni mwake mwenyewe hakulikuta. Alichokikuta, katika mfuko wa koti lake la kazi, kilikuwa kipande cha chaki.

Alikitazama. Nacho, ungesema, kikamtazama.

Tangu siku hiyo Mwalimu Kipenga alitoka asubuhi na jioni kwa madaha, fimbo mkononi, akiaga kwa sauti ili mkewe asikie. Safari yake iliishia hapohapo kibarazani, alipoketi jirani yao, kinyozi mstaafu, na ubao wake wa drafti wa vizibo vya chupa. Walicheza mchezo mmoja au miwili. Kisha Mwalimu Kipenga alijipaka chaki kiganjani, akahema kidogo kwa mazoea, akarudi ndani.

"Mbona hupandi, jirani?" kinyozi aliuliza siku moja.

"Nimekwisha kupanda na kushuka."

"Saa ngapi, nami niko hapa tangu asubuhi?"

"Ulikuwa umesinzia."

Kinyozi akafikiri. Kusinzia kulikuwa desturi yake kweli. "Labda," alisema, akasogeza kizibo.

Konokono akija alitazama kile kiganja cheupe, akatikisa kichwa polepole. "Vizuri sana, mwalimu." Kisha alilaza kipimo chake gotini, na kipimo kikasema pembe butu. Kesho yake, pembe butu. Wiki iliyofuata, pembe butu na nusu.

"Ajabu hii," Konokono alisema. "Mkono unapanda ngazi kila siku, goti linabaki nyumbani."

"Goti la mtu mzima lina ukaidi wake."

Jikoni alisikika mkewe akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Siku zikayoyoma, fainali ikakaribia. Jumamosi moja timu nzima ilikuja kumwona kocha wao, na machungwa kwenye mfuko wa wavu wa kubebea mipira. Wasichana waliketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Mwalimu Kipenga alikaa kitini kama sultani, mguu mbele.

"Mwalimu, benchini utakuwepo?" nahodha aliuliza. "Yule mwalimu wa jiografia aliyeshika nafasi yako ni mtu mzuri, ila anatuambia tushambulie kutoka kaskazini."

"Nitakuwepo."

"Kweli? Maana tumeamua, kama hupo, hata tukishinda kombe halitakuwa na ladha."

"Nimesema nitakuwepo."

"Basi tusaidie kwa huyu." Nahodha akamsukuma mbele golikipa, msichana mrefu mwenye aibu. "Anakwepa kukimbia. Anasema golikipa hahitaji pumzi."

Hapo mwalimu akasahau goti na kila kitu. Alinyanyua kidole. "Binti yangu, uwanja haudanganyiki! Unaweza kumdanganya kocha, ukamdanganya na nahodha, lakini siku ya mechi miguu yako itatoa ushahidi mbele ya watu wote. Anayekwepa mazoezi anajikwepa mwenyewe!"

"Maneno mazito hayo," ilisema sauti mlangoni. Konokono alikuwa amefika na mkoba wake. "Leo umepanda, mwalimu?"

"Kabla hata ya chai."

"Kiganja."

Mwalimu Kipenga alikinyoosha juu, cheupe kama unga wa sembe, wasichana wote wakione na wajifunze. Wakampigia makofi. Golikipa akainamisha kichwa kwa haya.

"Nahodha," Konokono akasema, "wewe una miguu myepesi. Hebu kimbia juu, ushike kitasa cha mlango wa darini, urudi."

Nahodha akaruka kama swala. Waliobaki wakamenya machungwa. Haukupita muda akarudi, akasimama katikati ya sebule, akafungua mkono wake, na kukiangalia kiganja chake kwa mshangao.

Kilikuwa cha buluu. Buluu iliyokolea, kama mtu aliyepapasa anga.

Machungwa yaliacha kumenywa.

"Mwalimu," nahodha aliuliza kwa nia njema kabisa, "kwani huko juu kuna milango miwili?"

"Ni mmoja," mkewe mwalimu akajibu, pini zikiwa zimebanwa midomoni. "Na chaki ni yangu, ya kuchorea suti."

"Ta... tangu lini ni ya buluu?" Mwalimu Kipenga aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza," alisema Konokono.

Ndipo ile siku ya mkaa ikamrudia, nzima nzima. Msichana mnene mwenye soksi zilizoshuka alikuwa ameiba chaki darasani akajipaka nyuma ya ghala la madawati. Yeye, kocha mjanja, asubuhi hiyo alikuwa ameupaka mlingoti mkaa bila kumwambia mtu. Wote walirudi na viganja vyeusi kama masufuria, na Konokono peke yake akanyoosha kiganja cheupe, kwa fahari, juu kabisa, kama alivyokinyoosha yeye sasa hivi. Mtego alikuwa ameutega mwenyewe. Waya wake aliujua, na kengele yake aliijua. Bado alikuwa ameuingia kwa miguu yake miwili, mzima na mbovu.

"Nilijua sikusinzia!" kinyozi alipiga kelele kutoka kibarazani.

Wasichana walivunjika mbavu. Walicheka mpaka wakalala juu ya vitambaa vya wateja, na golikipa ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwalimu Kipenga naye alicheka, maana hakuwa na pa kwenda. Lakini kicheko chake kilikatika kabla ya chao, na wao walipoona uso wake, nao wakainuka kuketi mmoja mmoja.

"Mbona hukusema siku ya kwanza?" alimwuliza Konokono.

"Nilingoja useme wewe."

Mwalimu Kipenga akalitazama goti lake kama mtu anayemtazama mtoto mtukutu. "Lililegea," alisema. "Vidato vichache tu, likalegea. Nikaona chini. Nami..." Lile neno lilikuja kwa shida, kama jino linalong'olewa. "Naogopa."

Konokono akachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Siku ile ya mkaa, wenzangu walipoondoka, uliniuliza kwa nini nadanganya. Nikakwambia naogopa kuwa wa mwisho mbele ya watu. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Bila shaka nilikupa hotuba."

"Hukunipa. Ulivua viatu vyako vya darasani, ukauzunguka uwanja pamoja nami, nyuma yangu, ili wa mwisho awe wewe. Na kila Jumatano baada ya hapo." Akainuka, akanyoosha mkono. "Leo wa mwisho ni sisi. Nipe kipenga."

Mwalimu Kipenga alikifunika kwa mkono, kama mama anayemficha mtoto. Mdomo mwingine ulikuwa haujawahi kukigusa. Alimwangalia mkewe, na mkewe akaendelea kuhesabu pini zake. Polepole akakivua shingoni.

Konokono alikipuliza pale ngazini, na jengo zima likaitika. Milango ikafunguliwa juu na chini. Waliotoka na mwiko walitoka na mwiko, waliotoka na povu la sabuni usoni vivyo hivyo. Mwalimu Kipenga alishika chuma, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Nyuma yake Konokono, nyuma ya Konokono nahodha, na nyuma ya nahodha timu nzima imejipanga hadi sebuleni, mikono mbele, tayari kudaka.

"Mguu mzima kwanza!" Konokono aliamuru. "Mbovu ufuate! Maumivu ni nini, mwalimu?"

"Ni mwizi!"

"Ni mgeni! Mpe kiti!"

"Amekaa kwenye goti langu!"

"Basi mpandishe darini akaone mji!"

Goti lililegea palepale lilipolegea siku ile. Lakini mikono ilikuwa imekwisha kumfikia mgongoni, na kinyozi alikuwa ameacha drafti yake kumshika kwapa. Akasimama kidogo, akapumua, akapanda. Alipokishika kitasa, jengo lilipiga vigelegele kama kuna harusi. Siku hiyo alikataa kunawa mkono wa kulia mpaka usiku, akala kwa kijiko.

Msidhani alitubu papo hapo. Asubuhi moja alisema mvua inakuja, akakumbushwa kwamba ngazi zina paa. Nyingine akasema anasikia tumbo linauma, na Konokono akamwuliza kama ni Jumatano. Lakini akipulizwa kipenga alipanda, na chaki ya buluu ikaisha kikopo kizima. Pembe butu ikapungua kidogo kidogo. Mwalimu wa hesabu akawa anaisoma mwenyewe kabla ya kipimo, mpaka ikafika mraba, siku mbili tu kabla ya fainali.

Siku ilipofika, mwalimu mkuu alikuwa amesimama juu ya ile ngazi ya zege, mwavuli umefunguliwa na kiti cha pili kimekunjuliwa kando yake. Mwalimu Kipenga alimwamkia, akakipita kile kiti, akaanza kushuka. Mguu mbovu kwanza, mzima ufuate. Konokono alitangulia kidato kimoja chini yake, akirudi kinyumenyume, kipenga shingoni. Wasichana walikuwa wanapasha miili moto. Walisimama wote, wakamtazama akishuka mpaka kidato cha mwisho, na alipokanyaga nyasi golikipa alianza kuuzunguka uwanja mzima mbio bila kutumwa.

Mchezo ulikuwa mgumu. Bao likaingia huku, likarudi kule. Dakika za mwisho ikapatikana kona, na yule golikipa mwenye pumzi mpya akatoka golini mwake, akakimbia mpaka mbele ya goli la wenzao, akaruka juu ya vichwa vyote. Mpira ukatikisa wavu.

Mwalimu Kipenga hakuruka, kwa sababu alikuwa amekatazwa. Aliketi, machozi yakimtiririka, akisema "Basi limesimama, basi limesimama," na aliyemsikia hakuelewa. Aliyeruka alikuwa Konokono. Aliruka kutoka juu ya benchi, mikono hewani na macho ameyafumba, akatua vibaya, na kifundo cha mguu kikalia kama kijiti kinachovunjika.

"Si kitu!" alisema upesi, akisimama kwa mguu mmoja kama korongo. "Nimejipima. Ni mshtuko tu wa misuli."

"Umejipima kwa macho yapi, nawe umeyafumba?" Mwalimu Kipenga alimwuliza.

"Nitakikanda nyumbani. Kesho nina wagonjwa."

"Keti."

"Mwalimu, mtaalamu hapa ni mimi!"

"Nami siku zote nilikuwa kocha. Nilipanda ngazi?" Akanyoosha mkono, akakitoa kipenga shingoni mwa Konokono, akakirudisha shingoni mwake. Kisha akakipuliza, fyuu, karibu na sikio lake. Konokono akaketi.

Mwalimu Kipenga akapiga goti mbele yake ili amfungue kiatu. Kamba ilikuwa imekaza. Alikuwa katikati ya kuifungua alipoona Konokono hatazami tena mguu wake. Anatazama goti la mwalimu, lililokunjwa hadi mwisho, chini ya suruali yenye vumbi la chaki.

"Mwalimu wa hesabu," alisema, huku akilia na kucheka, "hii tunaiita pembe gani?"

Mwalimu Kipenga akajitazama. "Pembe kali," alisema, akaivuta kamba.

Wasichana walikuwa wanakuja mbio na kombe lao. Mkewe mwalimu, aliyeshuka na wazazi wengine, alikuwa amekwisha kukitazama kile kifundo kinavyovimba, na yule mtaalamu anavyojaribu kukificha chini ya benchi. Akafungua mkoba wake, akatoa chaki mpya ya buluu.

"Mwanangu," alimwuliza kwa upole, "nyumbani kwako kuna ngazi?" Konokono akafunika uso kwa mikono miwili, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuelewa kama wote waliokuwa pale: mganga hajigangi.